Maana ya uingizaji wa muda, na hatari ya kuuza pikipiki ya safari ugenini

Uingizaji wa muda ni utaratibu wa forodha unaomruhusu mgeni kuingia katika nchi na chombo chake cha usafiri bila kulipa ushuru wa forodha wala kodi ya ongezeko la thamani, kwa sharti kwamba chombo hicho kitatolewa tena nje kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kibali. Kodi hiyo haikufutwa, imesimamishwa tu, na msafiri amejifunga kwa saini yake kukitoa chombo au kuwajibika kwa kodi hiyo. Msafiri wa pikipiki hupewa karatasi hiyo mpakani, mara nyingi akiwa amechoka na ana haraka, akaikunja pamoja na stakabadhi nyingine bila kutambua kwamba amekubali wajibu wa kisheria unaobeba jina lake, namba ya pasipoti yake na namba ya chesisi ya pikipiki.

Msingi wa kimataifa wa utaratibu huu ni Mkataba wa New York wa mwaka 1954 kuhusu magari binafsi yanayoingizwa kwa muda, pamoja na Mkataba wa Istanbul wa mwaka 1990 kuhusu uingizaji wa muda kwa ujumla. Muda unaotolewa hutofautiana: mgeni asiye mkazi wa Umoja wa Ulaya kwa kawaida hupewa miezi 6, na Argentina hutoa hadi miezi 8. Kinachofanana kila mahali ni kwamba msamaha hutolewa kwa mtu fulani, kwa chombo fulani, kwa matumizi yake binafsi.

Mtu anaweza kuwa mmiliki halali kabisa wa pikipiki, mwenye kadi ya usajili ya nchi yake na haki kamili ya kuiuza huko, na bado akawa hana ruhusa ya kuiuza alipo sasa. Umiliki ni jambo moja, na hali ya chombo mbele ya forodha ni jambo jingine. Pikipiki ikishauzwa kwa mkazi wa nchi hiyo bila idhini ya forodha, sharti la msamaha limevunjwa, na machoni pa sheria imekuwa bidhaa iliyoingia sokoni bila kulipiwa ushuru. Nchi nyingi huliita kosa hilo magendo. Adhabu zake zinaweza kuwa kukamatwa kwa pikipiki, faini inayokokotolewa kwa kuzidisha kodi iliyokwepwa, au mashtaka ya jinai. Mahali ambapo kibali cha chombo kimeunganishwa na kumbukumbu za uhamiaji, muuzaji anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege kwa sababu mfumo unaonyesha kwamba aliingia na pikipiki na sasa anaondoka bila hiyo.

Hali huwa nzito zaidi kwa anayesafiri na karneti, yaani kijitabu cha forodha kinachotolewa na chama cha wenye magari katika nchi ya msafiri. Chama hicho huidhamini kodi mbele ya forodha za nchi anazopita, na msafiri naye huweka dhamana kwa chama, iwe fedha taslimu, dhamana ya benki au bima. Kila ukurasa hugongwa muhuri wa kuingia na wa kutoka. Muhuri wa kutoka ukikosekana, forodha inaweza kukidai chama kodi yote, na chama kikazichukua fedha hizo kutoka kwa msafiri aliyekwisha kurudi nyumbani akidhani biashara ilimalizika siku alipopokea malipo. Dhamana hiyo inaweza kuzidi bei aliyouzia pikipiki.

Wapo wanaodhani kwamba hati ya uwakilishi huondoa tatizo: muuzaji anamwandikia mnunuzi idhini ya kuendesha pikipiki na kuvuka nayo mpaka, kisha fedha zinabadilishana mikono. Hati hiyo haihamishi umiliki wala haimwondoi muuzaji kwenye kibali, na ikitumika kuficha mauzo inaweza yenyewe kuchukuliwa kuwa udanganyifu. Nalisisitiza hili kwa sababu njia hii huonekana ya kuaminiana, hasa kati ya wasafiri wawili waliokutana njiani, ilhali humwacha muuzaji akitegemea uaminifu wa mtu ambaye huenda asimwone tena. Mnunuzi akipata ajali, akilimbikiza faini za barabarani au akiitelekeza pikipiki, jina linalosomeka kwenye usajili ni la muuzaji. Mnunuzi naye hayuko salama, kwa kuwa amelipia chombo asichoweza kukisajili wala kukikatia bima ipasavyo, na kinachoweza kuchukuliwa na forodha bila yeye kulipwa fidia.

Njia halali zipo. Iliyo safi kuliko zote ni kuitoa pikipiki nje na kuiuza mahali inaporuhusiwa. Nyingine ni kuomba ibadilishwe kuwa uingizaji wa kudumu, kwa kulipa ushuru na kodi zote kabla ya makabidhiano, ingawa mlango huu umefungwa katika nchi kama Brazili, ambayo kwa jumla hukataza kuingiza magari yaliyotumika. Baadhi ya forodha hukubali kibali kihamishiwe kwa mgeni mwingine mwenye sifa, lakini idhini lazima itangulie mauzo. Na kwa pikipiki iliyoharibika vibaya katika ajali iliyothibitishwa, Mkataba wa 1954 unaruhusu ilipiwe kodi, ikabidhiwe kwa forodha bila gharama kwa serikali, au iteketezwe chini ya usimamizi rasmi.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, muuzaji anahitaji kuondoka na karatasi yenye muhuri inayoonyesha kwamba kibali chake kimefungwa, kwa kuwa forodha hailazimiki kuutambua mkataba wa mauzo peke yake. Nakala ya karatasi hiyo ihifadhiwe hata baada ya usajili wa nyumbani kufutwa, maana madai ya forodha yanaweza kufika muda mrefu baada ya safari kumalizika.