Je, Yesu alitumia mifano ili kila mtu aelewe?

Utasikia wahubiri wakisema Yesu alifundisha kwa mifano ili hata mtoto mdogo aelewe. Ni hoja tamu, ila Injili zenyewe haziiungi mkono.

Fungua Marko 4. Yesu ameketi chomboni, umati umejaa ufuoni. Anawasimulia habari za mpanzi: mbegu nyingine zikaanguka njiani, nyingine penye mwamba, nyingine kwenye miiba, nyingine kwenye udongo mzuri zikazaa 30, 60 na 100. Basi. Mbegu ni nini, hasemi. Hata wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, hawakuambulia kitu. Walingoja awe faraghani ndipo wakamuuliza. Jibu lake linashtua: walio nje hupewa yote kwa mifano, watazame wasione, wasikie wasielewe, maneno yenye asili katika Isaya 6. Ufafanuzi, mstari wa 34 unasema, aliwapa wanafunzi wake kando.

Kuna dhana nyingine imejibanza humo humo, na kwangu ndiyo nzito zaidi: kwamba msikilizaji akishaelewa, atakubali. Mfano wa wakulima waliomuua mwana wa mwenye shamba la mizabibu (Marko 12) uliwaingia viongozi wa Yerusalemu sawasawa. Walijua wanasemwa wao. Wakataka kumkamata, wakaogopa umati, wakaenda zao.

Mfalme Daudi alikuwa kinyume chao. Alikuwa amemtwaa mke wa Uria, na Nabii Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, aliwaka hasira asijue anajihukumu mwenyewe. Ilibidi aambiwe waziwazi, "Wewe ndiwe mtu huyo," ndipo akakiri.