Igizo la wanawake pekee: maana yake

Igizo la wanawake pekee ni tamthilia ambayo nafasi zote, ya mfalme, ya askari, ya baba mwenye nyumba, huchezwa na wanawake. Mara nyingi huwa ni tamthilia ya zamani iliyojaa wanaume. Mhusika mwenyewe habadilishwi: katika *Julius Caesar* ya Shakespeare, Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, hubaki Brutus, mume wa Portia. Ndiyo maana jambo hili ni mbali kabisa na vichekesho vya mwanamume kuvaa gauni ili watu wacheke. Hapa mwigizaji anataka aaminiwe.

Chanzo ni uhaba wa nafasi. Uingereza ya Shakespeare haikuruhusu wanawake jukwaani. Wavulana ndio waliocheza akina Juliet, hadi mwaka 1660 mambo yalipogeuka. Mwandishi mwenye wavulana wachache hakuandika wanawake wengi. Tazama *Julius Caesar*, ile aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere: wanawake ni wawili tu, Calpurnia na Portia, na wote wawili ni wake za wakubwa. Hotuba nzito, zile za kuhoji uhuru na usaliti, hazikuwafikia.

Mfano ninaoupenda ni wa London. Kuanzia mwaka 2012, mwongozaji Phyllida Lloyd aliitengenezea Donmar Warehouse, jumba la maigizo la huko, maigizo matatu ya Shakespeare: *Julius Caesar*, *Henry IV*, na mwaka 2016 *The Tempest*. Aliyaweka yote ndani ya gereza la wanawake, wafungwa wakiigiza. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, kwa sababu gerezani kila mtu ni mwanamke, basi hakuna wa kuuliza kwa nini Kaisari ni mwanamke. Na maneno kuhusu dhuluma na kiu ya uhuru, yakitoka kwa mtu aliyefungiwa, hupata uzito mwingine. Harriet Walter alimcheza Brutus akiwa na miaka 62, umri ambao waigizaji wengi wa kike huwa wameshaachiwa nafasi za bibi na mjane.

Kiswahili kinalibeba jambo hili vizuri kuliko Kiingereza. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke, kwa hiyo karibu kila mstari humkumbusha mtazamaji kwamba huyu anayesemwa ni mwanamume. Sisi tunasema "amekuja", "amemuua", "yeye ndiye", na jinsia haimo. Hubaki maneno machache tu kama bwana, baba na mume. Wasichana wa shule za bweni wamecheza wafalme na wazee wa kijiji miaka mingi, wengine wakichorwa ndevu kwa masizi. Kwangu mimi, ndevu hizo zinapunguza nguvu ya igizo. Binti akisimama wima mbele ya Warumi na kuanza kuwaeleza kwa nini amemuua Kaisari, lugha yenyewe imeshamfanya Brutus.