Kasisi hakubuni lugha ya alama

Utasikia mara nyingi kwamba lugha ya alama ilibuniwa na kasisi Mfaransa, Charles-Michel de l'Épée, aliyeanzisha shule ya viziwi jijini Paris katika miaka ya 1760. Shule ni yake kweli. Lugha si yake. Viziwi wa Paris aliwakuta wakizungumza kwa mikono tayari. Mwaka 1779 mmoja wao, Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu, alichapisha kitabu akieleza jinsi yeye na wenzake, wengine wakiwa hawajawahi kufundishwa na mtu, walivyojadili kila jambo kwa alama.

Alichoongeza kasisi ni alama za kubeba sarufi ya Kifaransa: nyakati, jinsia za maneno, hata viambishi. Zilikuwa ndefu na nzito. Wanafunzi wakitoka darasani walirudi kwenye lugha yao, na nani angewalaumu?

Marekani nako, Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma Paris, alishiriki kuanzisha shule ya Hartford mwaka 1817. Watoto kutoka kisiwa cha Martha's Vineyard walifika pale na alama zao za nyumbani. Zilipochanganyika na alama za Ufaransa alizokuja nazo Clerc, ikakua lugha ya alama ya Marekani, ambayo hadi leo iko karibu zaidi na ya Ufaransa kuliko ya Uingereza.