Bunduki ya Kale Usiing'arishe Kabla Haijakaguliwa

Tangu tuanze zoezi la kukagua silaha za kale zilizo mikononi mwa wananchi, nyingi zinafika mezani kwetu zikimeta kama kijiko kipya. Wenyewe husubiri pongezi. Nia yao njema hatuitilii shaka, lakini vumbi lililobaki kwenye msasa ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Kutu si ya aina moja. Ile nyekundu, ya unga, inayotia doa kidoleni, inakula chuma na ni lazima izuiwe. Utando wa kahawia au mweusi, laini, usiotoka ukiupangusa, umetulia. Tena magobori mengi ya karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 yalishikishwa kutu kwa makusudi: fundi aliupaka mtutu dawa yenye tindikali, akauacha ushike kutu, akausugua, akarudia mpaka rangi ikakolea. Huo mnaouita uchafu huenda ni kazi ya mkono wake. Wengine hutuuliza kama ndimu inafaa kuondoa kutu. Hapana, ndimu haijui kutofautisha kutu na rangi ya fundi.

Kuna pia stempu, yaani alama zinazogongwa kwenye mtutu ukishapimwa. Chama cha watengeneza bunduki cha London kilipata hati yake mwaka 1637. Nyumba ya ukaguzi ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Alama zao hutusaidia kujua mtutu ulikopimwa. Tumepokea gumegume (bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe) ambayo taji la stempu yake lilikuwa limesuguliwa likabaki kama ukucha. Silaha ya namna hiyo hatuikatai, ila fomu hujazwa nakala mbili, picha hupigwa kulia, kushoto, juu na kwenye stempu, kisha kwenye sehemu ya hali huandikwa "imesafishwa kupita kiasi". Maneno hayo hayafutwi, hata mwenye mali akiandika barua tatu.

Kama kutu nyekundu ipo, tia tone la mafuta mepesi juu ya doa tu, liache lilale, kisha kwangua taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Stiliwaya, hata ile laini ya daraja 0000, ni ya mwisho kabisa, tena iwe na mafuta. Mafuta yasifike kwenye kitako, maana mbao ikiyanywa huwa nyeusi na kulegea. Shaba ya njano isiguswe na dawa ya kung'arisha yenye amonia, inaweza kuipasua. Malizia kwa nta nyembamba, na usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu.

Umiliki wa silaha, hata ya kale, hufuata sheria ya nchi, na makala haya si kibali.

Kabla ya hayo yote, gobori hukaguliwa kama lina shehena. Sisi huingiza mdeki wa mbao (kijiti cha kushindilia) mpaka ugote, tunatia alama usawa wa mdomo wa mtutu, tunautoa na kuulaza kando ya mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha isipofika karibu na tundu la kuwashia, ndani kuna kitu. Baruti nyeusi ikikaa kavu huweza kuwaka hata baada ya zaidi ya miaka mia. Ukishuku hivyo usichokonoe, wala usituletee. Iache ilipo, watu wakae mbali na upande wa mdomo, toa taarifa polisi, nasi tutaifuata tukiitwa.