Montalcino kwa asiyekunywa: twende na mawe

Mama mkubwa alipokuja kunitembelea Italia mwezi wa tano, nilikuwa nimeshampangia safari ya siku mbili: Montalcino na vijiji vinavyoizunguka. Alinisikiliza hadi mwisho, akamalizia chai yake, kisha akauliza kwa ule upole ambao kila aliyelelewa na mlokole anaujua: "Mwanangu, mji wa mvinyo mimi nakwenda kufanya nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Ukimwuliza mtu yeyote kuhusu Montalcino, mji mdogo juu ya kilima kusini mwa Siena, atakutajia Brunello, mvinyo wake mwekundu, na kunyamaza hapo. Ila mimi kazi yangu ni mawe. Nimezaliwa Mbeya, nikasomea jiolojia, na miaka yote niliyokaa huku mkoa wa Toscana nimekuwa nikiwaambia wageni wangu kwamba mvinyo wa Montalcino ni mtoto mmoja tu wa familia kubwa. Ndugu zake ni kanisa la mawe linalopitisha mwanga, uwanja wa kijiji uliojaa maji ya moto, na mteremko mweupe kama barafu katikati ya msitu. Mzazi wao ni mlima Amiata, na babu yao ni bahari iliyokauka. Asiyekunywa anakosa kidogo sana.

Anzia kwenye ngome. Siena waliijenga mwaka 1361, ina pembe tano, na ukilipa kiingilio unapanda juu ya kuta zake. Historia yake nitaipita haraka. Siena ilipoanguka mwaka 1555 mbele ya majeshi ya Hispania na Firenze, baadhi ya wananchi wake walikimbilia hapa wakaendelea kujiita Jamhuri ya Siena kwa miaka minne, hadi 1559. Mji mzima umepotea, serikali imebaki kilimani. Ndiyo maana hadi leo Montalcino ina heshima yake kwenye maandamano ya Palio, mbio za farasi za kule Siena.

Mimi huwapandisha watu pale juu kwa sababu ya kinachoonekana. Geukia kusini. Lile pande la mlima linaloziba upeo ni Amiata, mita 1,738, volkano iliyonyamaza tangu zamani sana. Wakulima hapa watakuambia mlima ule unawakinga na mvua za mawe na dhoruba. Sasa shusha macho mashariki, kwenye bonde la Orcia, lenye vilima laini vya rangi ya kijivu na kijani na miberoshi myembamba imepangwa kama askari. UNESCO waliliingiza bonde hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Ule udongo wa kijivu ni sakafu ya bahari. Miaka milioni nne au tano iliyopita maji ya chumvi yalifika hapo, na kilima tulichosimama, ambacho miamba yake ni ya kale zaidi, kilikuwa kimeinuka juu ya matope hayo.

"Bahari? Hapa?" Mama mkubwa aliuliza, akiangalia trekta.

Mwaka 2007, upande wa Poggio alle Mura, kusini-magharibi mwa mji, walipata mifupa ya nyangumi kwenye shamba la mizabibu. Wakambatiza Brunella. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema basi Yona naye alipita huku.

Hapo ndipo mvinyo unapoingia. Brunello hutengenezwa kwa zabibu za aina moja peke yake, Sangiovese. Sheria inataka ukae kwenye mbao angalau miaka miwili, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya tarehe mosi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Kwa hiyo mkulima anavuna leo na hela ya mavuno hayo anaiona wakati mtoto aliyezaliwa msimu huo anakaribia kuanza shule ya awali. Mtu wa Dodoma, anayevuna zabibu mara mbili kwa mwaka, akisikia hivyo atashika kichwa. Lakini zabibu hiyo hiyo haitoi kitu kimoja kila mahali. Juu kilimani mizizi inapenya kwenye galestro, mwamba unaomeguka vipande vyembamba kama biskuti iliyokaa sana. Maji hayatuami, mti unateseka kiasi, matunda yanakuwa madogo yenye ngozi nene. Chini, kwenye udongo wa bahari, mti unashiba, na mvinyo wake huwa mzito na laini zaidi. Ukipita pembeni mwa shamba, hata kama huonji, okota kipande cha galestro ukivunje kwa vidole. Kinavunjika kwa mlio mkavu. Kisha kirudishe, hayo mashamba yana wenyewe.

Kutoka mjini kwenda Sant'Antimo, abasia (monasteri) ya kale, ni kama kilomita kumi kuelekea kusini. Basi zipo, ila usizitegemee, hasa Jumapili. Tulikwenda na gari, na hapa niseme jambo lililonigharimu. Miji mingi ya kale Italia ina eneo ambalo magari ya wageni hayaingii. Kibao chake ni duara jeupe lenye mzingo mwekundu, chini yake maneno "zona traffico limitato". Kamera hailali. Mwaka wangu wa kwanza niliingia eneo la namna hiyo kwenye mji mmoja nikitafuta choo, nikatoka baada ya dakika tatu nikijipongeza, na faini ikanifuata kwa posta miezi kadhaa baadaye, nimeshasahau hata choo chenyewe kilikuwa wapi. Egesha nje ya kuta, utembee.

Sant'Antimo imekaa peke yake bondeni chini ya kijiji cha Castelnuovo dell'Abate, imezungukwa na mizeituni. Mapokeo yanasema mwanzilishi ni mfalme Charlemagne, mwaka 781. Kanisa unaloliona ni la karne ya 12. Ujenzi wake ulianza karibu na mwaka 1118, abasia ilipopata mali nyingi. Utajiri haukudumu. Mwaka 1462 Papa Pius II, mwenyeji wa Corsignano jirani, kijiji alichokigeuza mji na kukiita Pienza kwa jina lake, aliifuta abasia.

Ingia asubuhi, jua likiwa upande wa altare. Wajenzi walitumia travertino, jiwe la chokaa iliyoachwa na maji, na sehemu nyingine jiwe linalofanana na alabasta lililochimbwa karibu. Jiwe hilo halizuii mwanga wote. Nguzo zinazopigwa na jua zinakuwa na rangi ya asali, na ukisogeza uso karibu unaona mistari ndani yake, tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti uliokatwa. Kila mstari ni kipindi maji ya moto yalipopita na kuacha chokaa yake. Nilianza kumweleza Mama mkubwa haya yote kwa mikono miwili, nikagundua hayupo. Alikuwa amesimama upande wa kulia, chini ya nguzo ya pili, shingo juu.

"Danieli," alisema.

Kweli. Kichwa cha nguzo ile, kazi ambayo wataalamu wanaihusisha na fundi asiyejulikana kwa jina, anayeitwa tu Bwana wa Cabestany, kinamwonyesha Danieli ameinua mikono katikati ya simba. Mimi nimeongoza watu pale mara nyingi nikiwaeleza aina ya jiwe. Yeye alizunguka nguzo, akanionyesha kwa kidole watu wanaotafunwa pembeni. "Hawa ndio waliomsingizia. Danieli sura ya sita, mstari wa ishirini na nne. Walitupwa wao na watoto wao na wake zao." Kisha akaniuliza kama kweli sikuwa najua. Nilijua simba. Wanaotafunwa nilikuwa nikiwachukulia kama mapambo.

Pienza tuliipitia tu. Jibini ya maziwa ya kondoo ni nzuri, uwanja uliosanifiwa na Rossellino ni mzuri, watu ni wengi mno. Bagno Vignoni ndipo pa kukaa.

Kijiji hiki, pale ambapo vingine vingeweka uwanja wa mikutano, kina bwawa. Ni mstatili mkubwa wa maji ya moto, kuta za mawe pande zote, nyumba zimeliinamia. Chemchemi inatoka chini yake ikiwa karibu nyuzijoto 50, na asubuhi ya baridi mvuke hupanda hadi madirishani. Inasemekana Mtakatifu Katerina wa Siena alifika hapa, na Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze, naye alikuja kutibiwa. Kuoga ndani ya bwawa hili hairuhusiwi, na nimeona watalii wakikemewa. Fuata maji yanakokwenda. Yanatoka uwanjani kwa mifereji midogo hadi ukingo wa jabali, yanadondoka kwenye vinu vya kusagia nafaka vilivyochongwa ndani ya mwamba wenyewe. Vinu hivyo vilikuwa na sifa moja kubwa: kiangazi mito ya jirani ilipokauka, chemchemi ya moto haikukauka, na watu wa mbali walileta ngano yao huku.

Kwenye mifereji hiyo unaruhusiwa kuweka miguu, bure. Mama mkubwa alivua viatu, akapandisha gauni kidogo, akatumbukiza. Alikaa kimya muda.

"Hii ni Songwe," alisema.

Ndiyo, mama. Ni Songwe kabisa. Atokaye Mbeya anayajua yale maji ya moto na ule mwamba wa rangi ya maziwa unaochimbwa na kukatwa kuwa vigae. Utaratibu ni ule ule. Mvua inanyesha, inazama kwenye miamba ya chokaa, inakutana na joto la ardhi ambalo huko kwetu ni la Bonde la Ufa na huku ni la Amiata, inayeyusha chokaa kwa msaada wa gesi ya kaboni, kisha inapanda kwa kupitia nyufa. Ikifika juu, gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa, na maji yaliyopoteza gesi hayawezi tena kubeba chokaa yote. Yanaitua. Joto hilo hilo la Amiata sasa linazalisha umeme upande wa pili wa mlima, na zamani lilileta zebaki iliyochimbwa Abbadia San Salvatore hadi karne iliyopita. Mgodi ule sasa ni makumbusho. Hatukufika, magoti ya Mama mkubwa yalikuwa yameshasema.

Ila nilimwomba kituo kimoja cha mwisho, Bagni San Filippo, chini ya Amiata. Unaacha gari barabarani, unateremka njia ya msituni, pua inakupasha habari kabla ya macho: salfa. Vua vito vya fedha, vitakuwa vyeusi. Kisha miti inafunguka na mbele yako kuna ukuta mweupe wa chokaa, umevimba na kukunjana, maji ya uvuguvugu yanateleza juu yake. Wenyeji wanauita Balena Bianca, Nyangumi Mweupe. Watu wanaoga kwenye vidimbwi vya chini, watoto kwa wazee.

Yeye alikaa kwenye gogo. Pembeni ya mfereji kulikuwa na jani la mti, nusu limo majini na nusu nje. Nililiokota nikampa. Nusu ya juu ilikuwa bado kijani kibichi, laini. Nusu ya chini ilikuwa imeshavaa ganda jeupe, gumu, mishipa ya jani imechorwa ndani yake moja moja.

Alipitisha kidole kutoka upande mmoja hadi wa pili. "Na hili jiwe lina miaka mingapi?"

"Hili? Pengine wiki mbili, mama."

Alilifunga kwenye leso, akaliweka ndani ya Biblia.