Mfuko wa mbolea ya CAN una yuniti ngapi za umeme ndani yake

Mara ya kwanza kushika hidrojeni, nilishika chuma. Ilikuwa Norwei, mwaka 2006, mwezi wangu wa pili wa masomo ya uzamivu. Msimamizi wangu alinipa chupa ndogo ya chuma cha pua yenye unga mweusi wa aloi ya lantanamu na nikeli. Tukafungua valvu, gesi ikaingia, na chupa ikaanza kupata moto mikononi mwangu kama kikombe cha chai. Atomu za hidrojeni zilikuwa zinajipenyeza katikati ya atomu za metali na kuachia joto. Baadaye tukaitoa gesi, na chupa ikapoa hadi ikatoa jasho kwa nje. Nilikuwa nimetoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako nilipaka tabaka nyembamba za sola juu ya vioo. Sikurudi tena kwenye vioo.

Kilichonishika ni ugumu wa kuitunza. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati ya yuniti 33 za umeme, karibu mara tatu ya kilo ya petroli, lakini ukiiacha huru inajaza mita za ujazo zaidi ya 11. Ili ikae mahali lazima uigandamize kwa bar 350 au 700 (bar moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa inayotuzunguka), au uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, au uifiche ndani ya metali kama kwenye ile chupa, na hapo kilo 100 za aloi zinabeba kilo moja na nusu tu.

Mjomba wangu analima mahindi Mbozi. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza, "Mpwa wangu, hiyo gesi yenu mnaichimba wapi?" Namjibu, "Haichimbwi, mjomba, inatengenezwa." (Kuna kijiji cha Bourakébougou, Mali, ambako kisima kilitoa hidrojeni ya asili na ikawasha jenereta, na watafiti wengi sasa wanatafuta visima vya namna hiyo. Ila hidrojeni ninayoshughulika nayo mimi inatoka kwenye maji na umeme.) Mjomba alinielewa siku nilipomwambia ni kihenge. Kihenge hakizai mahindi, kinayatunza, na panya wanakula humo humo.

Tuwahesabu hao panya. Chukua yuniti 100 za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Elektrolaiza, mashine inayopasua maji kwa umeme, inakula yuniti 52 hivi kwa kila kilo, kwa hiyo utapata hidrojeni isiyofika kilo mbili, yenye nishati ya yuniti 63 au 64. Kuisukuma mtungini kunakula nyingine kadhaa. Ukitaka umeme wako urudi, unaipitisha kwenye seli ya hidrojeni, na humo karibu nusu inaondoka kama joto. Mwishoni unabaki na yuniti 30 na kitu. Betri ya lithiamu ingekurudishia 85 hadi 90.

Ndiyo maana mtu akija na wazo la kuweka hidrojeni kwenye nyumba ya wageni ili taa ziwake usiku, namwambia anunue betri. Ugali wangu unatoka kwenye hidrojeni na bado namwambia hivyo, kwa sababu nimeona miradi mingi mizuri ikifa kwa kuwekwa mahali pasipo pake.

Betri inazidiwa pale muda unaporefuka. Ukitaka kutunza mara mbili, sharti ununue betri ya pili. Kwa hidrojeni unaongeza mtungi tu, mashine zinabaki zile zile. Hilo nililiona kisiwa cha Utsira, pwani ya magharibi ya Norwei, ambako mwaka 2004 ulianza mradi wa nyumba 10 zilizotumia umeme wa upepo, na upepo ukikata, hidrojeni iliyotengenezwa siku za upepo mwingi inashika zamu. Mapanga ya mitambo ya upepo yamesimama kimya, na madirisha ya nyumba yanawaka. Nilisimama pale muda mrefu nikitazama.

Halafu kuna suala la maji, ambalo wanasiasa wakizungumzia hidrojeni huwa hawaligusi. Kilo moja inataka lita 9 za maji. Kiasi hicho kinapatikana. Shida ni usafi wake. Tazama ndani ya birika lililochemshia maji ya kisima Dar es Salaam, ule ukoko mweupe. Kwenye birika unaukwangua. Kwenye elektrolaiza ya utando (ngozi nyembamba inayopitisha protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji), kalisi na chuma vilivyomo majini vinaingia ndani ya utando wenyewe na kukalia nafasi ambazo protoni zinapaswa kupita.

Nimeliona hili kwenye mtambo mmoja mdogo wa majaribio. Chujio la resini lililopaswa kubadilishwa halikubadilishwa. Nilikuwa natazama skrini wiki baada ya wiki: seli zinataka volti 1.82, kisha 1.85, kisha 1.91, kwa mkondo ule ule. Tulipozifungua, utando ulikuwa na mabaka ya rangi ya kutu. Elektrodi, sehemu zinazopeleka umeme kwenye maji, zina iridiamu, metali ambayo dunia nzima huchimba tani 7 au 8 tu kwa mwaka, nyingi yake Afrika Kusini. Iliharibiwa na chujio ambalo bei yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ya mashine. Niliumia sana. Tangu siku hiyo, mradi wowote wa huku kwetu ukiletwa mezani, swali langu la kwanza ni nani atapima maji kila asubuhi, na chujio la akiba liko stoo au liko kwenye barua ya maombi.

Watu wanaizungumzia hidrojeni ya kijani kana kwamba imefika Afrika jana. Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilianza mwaka 1960 kupasua maji kwa umeme wa Mto Nile, na miaka mingi baadaye kikahamia gesi asilia. Kwekwe, Zimbabwe, Sable Chemicals walifanya hivyo hivyo kwa miongo kadhaa hadi 2015, umeme ulipokuwa adimu. Waliokuwa wakiendesha elektrolaiza hizo ni mafundi wa Kiafrika. Na hawakuirudisha hidrojeni kuwa umeme. Waliiunganisha na naitrojeni ya hewani ikawa amonia, amonia ikawa mbolea. Yule panya mkubwa wa mwisho, anayekula nusu kwenye seli, hakupata nafasi.

Mawazo yangu yote sasa yako hapo. Kenya ilipozindua mkakati wake wa hidrojeni Septemba 2023, mbolea iliwekwa mbele, na naona walipatia. Kisima cha Olkaria, kinachotoa mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme, hukifungi kila usiku kama bomba la jikoni, na saa nane za usiku Kenya imelala, haihitaji umeme wote huo. Kwetu Tanzania hali ni tofauti. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni ghala tayari: maji yanangoja. Kuyageuza hidrojeni kuna maana majira yale tu ambapo bwawa limejaa na maji yanamwagwa, kama masika ya 2024. Elektrolaiza inayofanya kazi miezi miwili kwa mwaka hailipi mkopo wake.

Likizo iliyopita mjomba alinipa risiti yake ya pembejeo nimwandikie hesabu kwa nyuma. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13 hivi. Hiyo inataka amonia kilo 16, na amonia hiyo inataka hidrojeni kilo 3 kasoro kidogo. Sawa na yuniti 150 za umeme, na zaidi kidogo ukiweka mashine nyingine za kiwandani. Aliisoma mara mbili, akachukua kalamu mkononi mwangu na kuzidisha yeye mwenyewe kwa bei anayonunulia LUKU.

"Hapa umeme peke yake umemaliza hela," akasema. "Sasa huo wa usiku wa Wakenya, wao wanauziana shilingi ngapi?"