Kuacha nyama ni jambo moja, kushusha kolesteroli ni jingine

"Punguza mafuta, kula mboga kwa wingi, urudi baada ya miezi mitatu." Wagonjwa wengi wenye LDL ya juu (ile kolesteroli inayojirundika kwenye mishipa) hutoka kwa daktari na maneno hayo tu, na ndani yake chenye kipimo ni ile miezi mitatu peke yake. Mafuta yapi? Mboga kiasi gani, na zichukue nafasi ya nini? Mgonjwa hujijibu mwenyewe, na jibu jepesi kuliko yote ni kuacha nyama. Akirudi, majibu ya damu yako palepale. Daktari anaona kwamba chakula hakikusaidia, mgonjwa anaona kwamba alijinyima bure, na wote wawili wamekosea.

Sioni haki kuwabebesha madaktari lawama yote. Utafiti wa vyuo vya udaktari vya Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulikuta mwanafunzi anafundishwa lishe kwa wastani wa saa zisizofika 20 katika masomo yake yote, ilhali saa 25 zilikwisha kupendekezwa tangu 1985. Mtu hawezi kuandika dozi ya kitu ambacho hakufundishwa dozi yake. Na chakula, kwa habari ya LDL, kina dozi.

Tuanze na ini. Kolesteroli iliyomo kwenye damu kwa sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo linaloamua ngapi ibaki ikizunguka. Seli zake zina vipokezi vinavyodaka chembe za LDL na kuziondoa kwenye damu. Ugunduzi huo ndio uliowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ukila kwa wingi mafuta yanayoganda (siagi, samli, mafuta ya nyama, ya nazi, ya mawese) vipokezi hivyo hupungua kazi, LDL inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, na kipimo kinapanda. Kolesteroli iliyomo ndani ya chakula chenyewe nayo ina athari, lakini kwa watu wengi ni ndogo kuliko ya mafuta hayo. Kiini cha yai kina takriban miligramu 200 za kolesteroli. Mimi huuliza kwanza yai limekaangwa kwa nini, ndipo niulize ni mayai mangapi.

Hapa ndipo wanaoacha nyama wanapoteleza. Nyama imetoka sahanini, jibini limeingia. Mchuzi wa kuku umekuwa mchuzi wa dengu uliotiwa vijiko vitatu vya samli. Chukua hesabu hii: Shirika la Afya Duniani linataka mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Chama cha Moyo cha Marekani, kwa wale wanaotakiwa kushusha LDL, kinasema chini ya asilimia 6, ambayo ni gramu 13. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina gramu 11 hadi 12 za mafuta hayo. Kijiko cha siagi kina 7. Kipande cha gramu 30 cha jibini gumu kina 5 au 6, ingawa kwa haki niseme kwamba jibini halipandishi LDL kwa kiwango cha siagi yenye mafuta sawa na yake. Kwa hiyo mtu anaweza asiguse nyama mwaka mzima na bado akavuka kiwango chake kila siku kabla ya saa sita mchana. Kwamba mafuta yametoka kwenye mmea hakubadilishi hesabu ya ini.

Kosa la pili ni kuondoa mafuta na kuziba pengo kwa mkate mweupe, wali mweupe, biskuti na sharubati. LDL inaweza kushuka kidogo, lakini HDL (ile iitwayo kolesteroli nzuri) nayo hushuka, na trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) hupanda. Faida kwa moyo ni ndogo mno au haipo. Pengo hilo lizibwe kwa mafuta ya maji (alizeti, soya, kanola, zeituni), njugu za aina zote, nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde.

Je, kuacha nyama peke yake kunaleta nini? Uchambuzi uliojumlisha majaribio 30 ya kitabibu na kuchapishwa mwaka 2023 katika European Heart Journal ulikuta LDL ikishuka kwa wastani wa milimoli 0.30 kwa lita, karibu asilimia 10, kulinganisha na wanaokula kila kitu. Ni faida ya kweli, lakini mwenye 4.4 atafika karibu na 4.0, si 2.5. Anayemwahidi mgonjwa zaidi ya hapo kwa kumwambia tu "acha nyama" anamtengenezea mazingira ya kukata tamaa.

Zaidi ya hapo kunapatikana kwa kuongeza vyakula mahususi kwa vipimo mahususi. David Jenkins na wenzake wa Toronto walionyesha hilo mwaka 2003. Walichukua mlo usio na nyama na wenye mafuta machache yanayoganda, wakaongeza vitu vinne. Kwa kila kilokalori 1,000 palikuwa na takriban gramu 10 za nyuzinyuzi zinazoteleza (zinazogeuka ute kwenye maji), gramu 21 za protini ya soya, gramu 14 za lozi, na gramu 1 ya steroli za mimea (viini vya mimea vinavyofanana na kolesteroli na kuizuia isinyonywe na utumbo). Baada ya mwezi mmoja LDL ilikuwa imeshuka karibu asilimia 29, na kundi lililopewa lovastatini (dawa ya kushusha kolesteroli, ya jamii ya statini) miligramu 20 lilishuka asilimia 31. Lakini chakula kile watu walikuwa wanaandaliwa. Jaribio la 2011, ambamo walishauriwa kisha wakajipikia wenyewe kwa miezi sita, lilitoa kama asilimia 13. Tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya dozi: walichokula hakikufika kilichoandikwa.

Nikipanga kazi na mtu, sianzi na vyote vinne. Naanza na mafuta ya kupikia, maana ndiyo yenye athari kubwa kwa usumbufu mdogo. Yabadilishwe, kisha yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Kinachofuata ni oti au shayiri. Beta-glukani, nyuzinyuzi yao inayoteleza, inahitajika gramu 3 kwa siku, nazo ziko kwenye gramu 75 hivi za oti kavu, au gramu 40 za pumba za oti. Bakuli la kawaida la asubuhi mara nyingi lina gramu 40 za oti, nusu tu ya dozi, na hii ndiyo sababu mojawapo ya "nimekula oti lakini sikuona kitu". Pima kwa mizani juma la kwanza; baadaye jicho litazoea.

Maharage, dengu, choroko au mbaazi: gramu 130 zilizokwisha kuiva, kila siku, hushusha LDL kama asilimia 5. Kila siku, si Jumapili. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Maharage mekundu yana lektini inayosababisha kutapika, kwa hiyo yachemke kwa nguvu dakika 10 angalau. Kuyaweka mabichi kwenye chungu cha moto mdogo kwa saa nyingi hakuiui sumu hiyo. Anza na vijiko vitatu kwa siku, uongeze taratibu kwa juma mbili au tatu. Anayeruka moja kwa moja hadi bakuli zima hujaa gesi, na gesi huwafukuza watu kwenye mlo huu kuliko ladha.

Njugu ni gramu 30 hadi 45, zisizo na chumvi, badala ya kitafunwa kingine. Zikiongezwa juu ya kila kitu, gramu 45 ni kilokalori karibu 270 ambazo kiuno kitazihesabu. Soya hupandisha faida kidogo tu: gramu 25 za protini yake kwa siku huleta kama asilimia 3 au 4. Asiyeipenda aiache, haitaharibu mpango.

Wanaohitaji msukumo zaidi waongeze maganda ya mbegu za sailiamu (psyllium), gramu 10 kwa siku zikigawanywa mara mbili. Kila gramu 5 zikorogwe kwenye maji mililita 250, zinywewe papo hapo kabla hazijawa ute mzito. Maji yakiwa machache zinaweza kuvimba kooni. Dawa nyingine zinywewe saa mbili kabla au baada. Steroli za mimea, gramu 2 kwa siku pamoja na mlo, hushusha asilimia 8 hadi 10. Kuzidisha gramu 3 hakuongezi kitu cha maana.

Kuhusu kupima, subiri majuma 6 hadi 12, tumia maabara ileile, na usipime ukiwa umetoka kuugua au katikati ya kupunguza uzito kwa kasi. LDL ya mtu yuleyule hupanda na kushuka kwa asilimia 7 au 8 bila yeye kubadili lolote, hivyo kutoka 4.0 hadi 3.8 hakuthibitishi ushindi wala 4.2 haithibitishi kushindwa, rudia. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, ambayo haifai trigliseridi zikizidi milimoli 4.5 kwa lita. Hapo tazama kolesteroli yote ukitoa HDL. Na uliza kuhusu kahawa: isiyochujwa kwa karatasi ina kafestoli, ambayo hupandisha LDL, na ni nadra daktari kuiuliza.

Kama LDL ni milimoli 4.9 kwa lita (miligramu 190 kwa desilita) au zaidi, pima kwanza tezi ya thairoidi na figo, kisha uliza nani katika ukoo alipata mshtuko wa moyo mapema. Kolesteroli ya juu ya kurithi humpata takriban mtu 1 kati ya 250, na kwake chakula ni msaidizi wa dawa tu. Anayetumia statini asiiache kwa sababu ameanza oti. Majaribio ya statini yanaonyesha kwamba kila milimoli 1 ya LDL inayoshuka hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu moja ya tano, na kinachotakiwa ni kushuka huko, sio kujivunia njia.

Kuna mambo ambayo daktari asikae kimya juu yake. Asiyekula chochote kitokanacho na mnyama lazima atumie vitamini B12 ya vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Mahitaji ni mikrogramu 2.4 kwa siku, ila kidonge huwa na zaidi kwa kuwa utumbo hunyonya sehemu ndogo tu ya dozi kubwa. Anayetumia metformini (dawa ya kisukari) yuko hatarini zaidi, kwani nayo hupunguza B12. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asirundike mboga za majani ghafla, maana vitamini K hushusha nguvu ya dawa; ale kiasi kilekile kila siku na apime damu yake mapema baada ya kubadili mlo. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya jamii ya sulfonilurea anaweza kupatwa na sukari kushuka mno wanga unapopungua au kubadilika, kwa hiyo dozi ipitiwe upya. Na mwenye figo dhaifu, maharage na njugu vina potasiamu nyingi: apangiwe kiasi chake na mtaalamu wa lishe kabla ya kuanza.